Miaka minne tulimpima mke wangu, kumbe uvimbe ulikuwa kichwani mwangu

Faili la mke wangu katika kliniki ya uzazi lilikuwa limefikia unene wa vidole vitatu kabla mimi sijafunguliwa la kwangu. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya homoni vilivyochukuliwa siku mbalimbali za mzunguko wake, picha za ultrasaundi, na ripoti mbili za eksirei ya mirija ya uzazi, kipimo ambacho dawa ya rangi husukumwa ndani ya mfuko wa uzazi na ambacho kilimuumiza mara zote mbili. Kila karatasi ilisema hakuna kasoro. Kwa miaka minne nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje nikiperuzi simu, na kwa kuwa hakuna aliyeniita ndani, nilijiaminisha kwamba sihitajiki.

Leo najua kwamba mume na mke wakikaa miezi 12 bila kupata ujauzito, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, wote wawili wanapaswa kuanza kuchunguzwa wakati mmoja, na kwamba kipimo cha manii ni chepesi kuliko karibu vyote alivyofanyiwa mke wangu. Hakina sindano wala maumivu. Kinachohitajika ni kujizuia na tendo la ndoa kwa siku mbili hadi saba, kikombe safi, na unyenyekevu kidogo, na ni hicho cha mwisho ambacho mimi sikuwa nacho.

Dalili nilikuwa nazo, ila kila moja niliitafutia kisingizio chake. Hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imepungua hadi ikawa jambo la kukumbushwa, nami nikasema ni kazi. Ndevu nilizokuwa nikinyoa kila baada ya siku mbili zikawa zinangoja wiki nzima, nikafurahia kupumzika. Niliamka nimechoka, nikanenepa kiunoni na kusinyaa mabegani, na kichwa kiliniuma nyuma ya macho karibu kila jioni. Kubwa kuliko yote, nilianza kujigonga bega kwenye fremu za milango ya nyumba niliyoishi miaka minane. Tulicheka. Mke wangu aliniita mlevi asiyekunywa.

Mwaka wa tano nilikubali kupimwa. Majibu yalionyesha mbegu milioni 1.2 kwa kila mililita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha kurejelea kuwa milioni 16. Daktari niliyemwona alinipima testosteroni, homoni kuu ya kiume, saa tisa alasiri, akaona iko chini, akaniandikia sindano za testosteroni za kila wiki tatu. Simlaumu peke yake, kwa sababu nilichomwambia ni kwamba nataka nguvu zirudi, na zilirudi. Ndani ya wiki chache nilikuwa mtu mwingine: nilikimbia, nilicheka, nililala vizuri. Baada ya miezi minne nilirudia kipimo cha manii nikiwa na uhakika wa habari njema, nikakuta hakuna mbegu hata moja.

Niruhusiwe kukaa kidogo hapa, kwa sababu kosa hili nimelikuta kwa wanaume wengi tangu nilipoanza kusimulia habari zangu. Korodani hazijiendeshi zenyewe. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa tezi ya pituitari, kijitezi chenye ukubwa wa punje ya njegere kilicholala kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nacho hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH husaidia utengenezaji wa mbegu. Testosteroni iliyomo ndani ya korodani huwa nyingi makumi ya mara kuliko ile ya kwenye damu, na mbegu huitegemea hiyo ya ndani. Mtu anapodungwa testosteroni ya nje, pituitari huona damu imeshiba na kunyamaza. Korodani zikikosa amri, hulala. Mwanaume anaweza kuonekana amejaa nguvu huku kiwanda cha mbegu kikiwa kimefungwa. Anayetafuta mtoto asikubali sindano hiyo, wala jeli yake, kabla ya kuuliza kwa maneno haya haya itafanya nini kwa mbegu zake.

Niliacha sindano kimya kimya. Mke wangu sikumweleza matokeo ya kipimo cha pili. Nilimwambia maabara imepoteza sampuli.

Kilichoniokoa ni miwani. Nilikuwa nimebadilisha lenzi mara mbili katika mwaka mmoja bila nafuu, na mpima macho wa tatu, kijana mpole aliyeonekana kutonielewa ninapolalamika, aliamua kunipima upana wa kuona badala ya ukali wa kuona. Nilikaa mbele ya mashine nikitakiwa kubonyeza kitufe kila ninapoona nukta ya mwanga, na kwa muda mrefu sikubonyeza chochote nikidhani mashine imekwama. Karatasi ilipotoka, nusu ya nje ya kila jicho ilikuwa nyeusi. Aliniambia kwamba tatizo la namna hiyo kwa kawaida haliko machoni bali nyuma yake, mahali neva za macho mawili zinapokutana, na kwamba juu kabisa ya pituitari ndipo makutano hayo yalipo. Aliniandikia barua siku hiyo hiyo na kunisihi nisiendeshe gari.

Kipimo cha MRI kilionyesha uvimbe wa milimita 34 uliotoka kwenye pituitari na kuzinyanyua neva za macho. Uvimbe wa tezi hii huitwa mdogo ukiwa chini ya milimita 10 na mkubwa ukifikia hapo au kuzidi, kwa hiyo wangu ulikuwa umepita mpaka mara tatu. Nilielezwa kwamba nyingi za aina hii si saratani, nami nililishika neno hilo moja na kusahau mengine yote yaliyosemwa chumbani. Tangu siku hiyo sijaenda kwa daktari bila mtu wa pili mwenye kalamu.

Katika damu walipima pia prolaktini, homoni ambayo watu wengi huijua kwa kazi yake ya kutengeneza maziwa ya mama lakini ambayo wanaume nao wanayo. Kwa mwanaume kawaida haizidi nanogramu 20 hivi kwa mililita. Yangu ilikuwa 52. Timu ya upasuaji ilieleza kwamba uvimbe unaotengeneza prolaktini wenyewe, ukiwa mkubwa kiasi hicho, ungeipandisha hadi mamia au maelfu. 52 ilimaanisha kwamba uvimbe wangu ni wa aina nyingine, na kwamba umebana tu kikonyo kinacholeta dopamini, kemikali ambayo kila siku huizuia prolaktini isipande. Tiba ingekuwa upasuaji wa kupitia puani. Maelezo yalikuwa na mantiki, tarehe ilipangwa, na nilikwisha kulipa amana iliyomeza sehemu kubwa ya akiba yetu. Kilichobaki ni sharti moja: nionwe kwanza na daktari bingwa wa homoni ili apitishe kwamba mwili unaweza kuhimili upasuaji.

Kumpata hakukuwa rahisi. Madaktari bingwa wa homoni hushughulika zaidi na kisukari na tezi ya shingo, kwa kuwa huko ndiko wagonjwa wengi waliko, na wa kwanza niliyempigia alikiri kwa uungwana kwamba wagonjwa wa pituitari huwaona wawili watatu kwa mwaka. Alinielekeza kwa mwenzake ambaye kazi yake ni pituitari na homoni za uzazi. Namshukuru mno kwa kujua mpaka wake. Anayetafuta daktari wa namna hii aulize bila aibu ni wagonjwa wangapi wa pituitari anaowaona, na kama hukaa meza moja na daktari wa upasuaji wa ubongo, msomaji wa picha na daktari wa macho, maana ugonjwa huu hauna mwenye nyumba mmoja.

Daktari yule, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitumia karibu saa nzima kuuliza tu. Aliuliza nilibalehe lini kulinganisha na wenzangu, nanyoa mara ngapi, nasikia harufu vizuri, kiatu changu kimeongezeka namba, pete ya ndoa inabana, naamka usiku kunywa maji na kukojoa, chuchu zimewahi kutoa maji. Alinipima mapana ya macho kwa vidole vyake viwili, akapima ukubwa wa korodani kwa kuulinganisha na shanga za mbao zilizotungwa kwenye uzi, kila moja ikiwa na ujazo wake. Sijawahi kuona aibu kama ile, na baada ya dakika mbili ilikuwa imekwisha.

Kisha akauliza kama nimewahi kutumia homoni yoyote. Nikasema hapana. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu.

Hakubishana. Alichukua bahasha ya karatasi zangu za zamani, ambayo mimi mwenyewe niliibeba bila kuipitia, akatoa vipimo viwili vya testosteroni na kuvilaza sambamba mezani: kimoja kikiwa chini sana, cha pili, cha miezi mitatu baadaye, kikiwa juu ya kiwango cha kawaida. Akaniuliza, bila ukali, hii imepandaje. Nikasema yote, na sindano, na kile kipimo cha manii ambacho sampuli yake haikupotea. Mke wangu hakusema kitu. Aliangalia faili lake lililokuwa mapajani, lile nene, ambalo tulilileta tukidhani litahitajika.

Kuhusu 52, daktari alisema haiamini. Alieleza hivi: mashine hupima prolaktini kwa kutumia kingamwili za aina mbili, moja ikiishika homoni upande mmoja na nyingine upande wa pili, na kinachosomwa ni ile jozi iliyoshikana pamoja, mithili ya mikono miwili iliyoshika fimbo moja. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, kila mkono hujipatia fimbo yake, jozi hazipatikani, na mashine husoma uchache mahali palipo na mafuriko. Mashine mpya hudanganyika mara chache zaidi, lakini bado hutokea, na dawa yake ni kuizimua sampuli mara 100 na kupima upya. Alipiga simu maabara mbele yetu. Damu ilikuwa ile ile, bado ipo kwenye friji yao. Siku ya pili jibu lilikuja: 8,700.

Upasuaji ulifutwa. Uvimbe unaotengeneza prolaktini, hata ukiwa mkubwa na umegusa macho, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa vidonge, na mwingi hunywea. Amana nilirudishiwa pungufu, baada ya barua tatu. Nimeulizwa kama niliwachukia wale wa mwanzo, na jibu ni hapana, kwa sababu waliweka sharti la kunipeleka kwa mama yule, na bila sharti hilo ningefunguliwa pua bila sababu. Ila naomba msomaji mwenye uvimbe mkubwa na prolaktini iliyopanda kidogo tu aulize swali moja: je, sampuli ilizimuliwa?

Vidonge navyo havikuanza siku hiyo. Kotisoli yangu, homoni inayousaidia mwili kuhimili mikazo, ya saa mbili asubuhi ilikuwa nanomoli 71 kwa lita, chini mno, maana yake pituitari iliyobanwa ilikuwa imeacha kuziamuru pia tezi zilizo juu ya figo. Homoni ya thairoidi, yaani tezi ya shingo, nayo ilikuwa chini ingawa TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo, ambayo niliwahi kupimwa peke yake na kuambiwa niko sawa, ilisoma kawaida. Nimejifunza kwamba TSH hutoka pituitari, hivyo pituitari ikiwa mgonjwa, TSH haiaminiki na lazima T4 huru, homoni ya thairoidi yenyewe, ipimwe. Mpangilio wa tiba una amri yake: haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, hutangulia, levothairoksini, ya kuziba pengo la thairoidi, hufuata, kwa sababu kuipa nguvu thairoidi wakati kotisoli haipo kunaweza kumwangusha mgonjwa vibaya. Sasa natembea na kadi mfukoni inayosema nategemea haidrokotisoni. Nikipata homa nazidisha dozi mara mbili, na nikitapika kiasi cha kushindwa kumeza, nahitaji sindano yake bila kungoja kesho.

Kabergolini, vile vidonge vya kunyweza uvimbe, nilianza kwa robo miligramu mara mbili kwa wiki, pamoja na chakula, wakati wa kulala, ikapandishwa taratibu hadi miligramu moja mara mbili kwa wiki. Siku za mwanzo nilipata kichefuchefu, na kizunguzungu nikisimama ghafla. Nilionywa pia kwamba uvimbe uliotafuna mfupa ukinywea haraka unaweza kuacha tundu, na kwamba nikiona majimaji meupe kama maji yakidondoka puani, yenye chumvi au ladha ya chuma, niende hospitali mara moja kwa kuwa hayo si mafua bali ni maji ya ubongo. Kwangu hayakuja. Kilichokuja, siku ya kumi na moja, ni kwamba nilipita mlangoni nikauona ukingo wa fremu. Nilirudi nikapita tena.

Onyo lingine nililisikia na kulipuuza. Daktari alimgeukia mke wangu, si mimi, akamwambia kwamba dawa hii huweza kulegeza breki za tamaa: kamari, ununuzi usio na mwisho, uroho wa chakula au wa ngono, na kwamba mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Miezi mitano baadaye nilikuwa nikibeti mechi za mpira kwa simu, usiku wa manane, mechi za nchi ambazo sijui hata majina ya timu zake. Nilijiambia ni furaha ya kupona. Nilipoteza kiasi kinacholingana na mishahara yangu miwili kabla mke wangu hajaona ujumbe wa benki. Hakugomba. Alimpigia daktari, dozi ikapunguzwa, programu ya kubeti ikafutwa, kadi ya benki ikahamia kwake, na ndani ya wiki chache ile kiu ikatoweka kana kwamba haikuwa yangu. Nasimulia hili kwa uchungu kuliko habari za korodani, kwa kuwa hapo nilionywa waziwazi. Anayeanza dawa hii amchague mtu wa nyumbani, ampe ruhusa ya kuangalia matumizi yake, na afanye hivyo kabla ya kidonge cha kwanza.

Baada ya mwaka mmoja prolaktini ilikuwa 31 na uvimbe milimita 13. (Nikumbushe jambo dogo lililoninyima usingizi siku mbili: maabara nyingine iliwahi kuniandikia 742, nikadhani yote yameanza upya, kumbe wao hutumia kipimo cha miliyuniti kwa lita, ambapo nanogramu moja kwa mililita ni kama miliyuniti 21. Gawanya kabla ya kulia.) Vipimo vya kotisoli vilionyesha bado nategemea dawa. LH haikuamka vya kutosha, jambo ambalo hutokea kwa uvimbe mkubwa uliokaa muda mrefu, hivyo daktari hakunirudisha kwenye testosteroni bali alinianzishia sindano za hCG, homoni inayoziongelesha korodani kwa lugha ya LH, na miezi sita baadaye akaongeza FSH. Sindano hizi ni ghali kuliko kila kitu nilichokitaja, na tuliuza gari, ambalo hata hivyo nilikuwa nimekatazwa kuliendesha muda mrefu kiasi cha kulizoea bila. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na kwa hiyo kupima kila mwezi ni kujitesa. Nilipimwa kila baada ya miezi mitatu: sifuri, sifuri, chache za kuhesabika kwa vidole, na mwisho milioni 3 kwa mililita.

Katika miadi ya mwisho daktari alieleza kwamba idadi hiyo inaweza kuendelea kupanda, na kwamba hata kwa idadi hiyo ujauzito unawezekana, ama wenyewe, ama kwa kurutubisha yai maabara kwa kudunga mbegu moja ndani yake, njia ambayo ingemtaka mke wangu adungwe sindano kila siku kwa wiki mbili hivi na kutolewa mayai kwa sindano. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Daktari alikigeuza kiti chake kumwelekea mke wangu akamuuliza yeye anasemaje. Mke wangu alisema amepimwa vya kutosha kwa sasa, kwamba niendelee na sindano zangu, na kwamba atajibu baada ya miezi sita.

Yeye ndiye anayeweka alama kwenye kalenda, Jumatatu na Alhamisi, na ndiye anayezitoa sindano kwenye friji dakika kumi kabla ili zisiwe za baridi. Imebaki miezi miwili, na sijamuuliza.